Nafika wa mwisho kila Jumamosi: je, ninunue bawa la kasi zaidi?

«Mwalimu, natumai u mzima. Mimi ni mkazi wa Nakuru na nimekuwa nikiruka kwa paraglaida kwa miaka mitatu. Kila Januari na Februari sisi marafiki watano hukutana Iten siku ya Jumamosi, tukaruka kutoka ukingoni, tukaelekea kaskazini kilomita 20 kisha tukarudi. Anayetua wa kwanza kwenye uwanja wa bondeni halipii chakula. Mimi hufika wa mwisho karibu kila mara. Bawa langu ni la daraja la usalama la EN B (madaraja huanzia A iliyo tulivu hadi D inayodai ujuzi mwingi), la uzito wa kilo 80 hadi 100, nami pamoja na vifaa vyangu vyote tuna kilo 84. Lina umri wa miaka minne. Wenzangu wananishauri ninunue bawa la EN D, nikanyage kanyagio la kasi muda wote, na niruke karibu zaidi na mwamba kwa sababu eti hapo ndipo hewa ilipo. Nikipata hewa inayopanda huwa siiachi hadi iishe, kwa kuwa sipendi kuwa chini. Mke wangu anasema kuruka kulikuwa sawa, lakini mashindano ndiyo yatakayonimaliza. Nani kati yao yuko sahihi?»

Ndugu msomaji, nimefurahi kwamba umetaja uzito wako, umri wa bawa na tabia yako ya kung'ang'ania hewa hadi iishe, kwa sababu katika mambo hayo matatu ndimo lilimo karibu jibu lote. Wasiwasi wako una pande mbili: unataka kujua kwa nini unaachwa nyuma, na unataka kujua kama kujaribu kutoachwa nyuma kutakuumiza. Nitaanza na la kwanza. Ushauri wa wenzako wa kununua bawa la EN D siuungi mkono hata kidogo, na ule wa mwamba ni nusu kweli, jambo ambalo katika mchezo huu ni hatari kuliko uongo mtupu.

Watu wengi hudhani kwamba mbio za vyombo visivyo na injini ni mbio za kuteleza, yaani anayekata hewa kwa kasi zaidi ndiye anayeshinda. Tufanye hesabu ya safari yenu ya kilomita 40. Tuseme bawa lako linakwenda kilomita 38 kwa saa na kwamba, ukichanganya hewa tulivu na hewa inayoshuka, unasonga mita 8 mbele kwa kila mita moja unayopoteza. Kilomita 40 zitakugharimu mita 5,000 za kimo, ambazo huna budi kuzipata kwa kuzunguka ndani ya hewa inayopanda. Kuteleza peke yake kutachukua kama dakika 63. Ukipanda kwa wastani wa mita 1 kwa sekunde, kuzipata mita hizo 5,000 kutakuchukua dakika 83, na jumla yako itakuwa dakika 146. Rafiki yako mwenye bawa kama lako, lakini anayepanda kwa wastani wa mita 2.5 kwa sekunde, atapanda kwa dakika 33 tu na kumaliza safari kwa dakika 96.

Sasa nikupe wewe bawa jipya lenye kasi zaidi kwa asilimia 10 na linaloteleza mita 9 badala ya 8, huku ukipanda vilevile kwa mita 1 kwa sekunde. Utateleza kwa dakika 57, utapanda kwa dakika 74, na utafika kwa dakika 131. Umenunua dakika 15 kwa bei ya bawa zima, ilhali mwenzako amepata dakika 50 bila kutoa hata shilingi. Ni kweli kwamba pale Iten mambo si makali kama hesabu hii inavyoonyesha, kwa sababu ukingo wenyewe huinua hewa na mara nyingi mtu husonga mbele akipanda bila kuzunguka. Hata hivyo uwiano haubadiliki: muda mwingi zaidi hupotelea kwenye kupanda, na hapo ndipo unapoachwa.

Kwa nini basi unapanda polepole? Mkondo wa hewa joto haupandi kwa kasi moja kutoka chini hadi juu. Karibu na ardhi huwa dhaifu na umevunjikavunjika, katikati hukusanyika na kupata nguvu, na kule juu, unapokaribia wingu au tabaka la hewa yenye joto linaloufunika, huchoka. Wewe unauingia pamoja na wenzako, mnapanda pamoja kwa mita 3 kwa sekunde, kisha nguvu zinaposhuka hadi mita 1 wao wanaondoka nawe unabaki. Mita 400 za mwisho unazozipata kwa taabu zinakugharimu karibu dakika 7, na kwa muda huo wao wamekwisha kufika kwenye mkondo unaofuata na wanapanda tena kwa mita 3. Linalofuata ni baya zaidi. Mikondo mingi hutoka ardhini kwa vipindi, na yule anayefika dakika 5 baada ya wenzake hukuta hewa imekwisha kuondoka. Hapo unaanza kutafuta, unashuka, unashikwa na hofu ya kuwa chini, unaupokea mkondo wowote hata ulio dhaifu, nao unakuchelewesha tena. Kuchelewa kwako kunazaa kuchelewa kwingine.

Kanuni ya kuliondoa tatizo hili ilipata umaarufu kupitia Paul MacCready, mhandisi wa Marekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa glaida, yaani ndege zisizo na injini, mwaka 1956, na ambaye baadaye aliongoza kazi ya kuunda ndege ya kuendeshwa kwa miguu iliyovuka mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1979. Kiini chake ni kwamba uamuzi wa sasa hutegemea nguvu ya mkondo ujao. Ukitarajia kwamba mbele yako kuna mkondo wa mita 3 kwa sekunde, huna sababu ya kubaki kwenye wa mita 1, ila kama ukiuacha hutaweza kufika mbele kwa usalama. Ukitarajia udhaifu mbele, kwa mfano kivuli cha wingu kimefunika ukingo wote hadi Kapsowar, basi hata mita 1 ni ya kuthamini na kuteleza polepole ni busara. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotawala kanyagio la kasi: hukanyagwa kwa kiasi unapotarajia mkondo wenye nguvu au unapopita kwenye hewa inayoshuka, na huachwa unapotarajia udhaifu. Kulikanyaga muda wote, kama ulivyoshauriwa, ni kutupa kimo ambacho utalazimika kukinunua tena kwa mita 1 kwa sekunde.

Jambo la pili ni jinsi unavyozunguka. Mzunguko mmoja wa paraglaida huchukua takriban sekunde 12 hadi 20, kutegemea unavyoinamisha bawa, na katika muda huo variometa, yaani kifaa kinacholia kulingana na kasi ya kupanda au kushuka, inakuambia ni upande upi wa mduara ulio na nguvu. Marubani wengi wa mwaka wa pili na wa tatu huzunguka mduara uleule mara 20 wakisikia mlio mkali upande mmoja na kimya upande wa pili, nao hawauhamishi. Unaposikia mlio ukiongezeka, legeza mzunguko kidogo uende upande huo, kisha kaza tena, ukikumbuka kwamba kifaa hukuambia habari ya sekunde moja au mbili zilizopita. Faili la safari lililohifadhiwa na kifaa chako au na programu kama XCTrack litakuonyesha wastani wa kupanda kwako katika kila mkondo. Lilinganishe na la rafiki aliye mbele yenu, mkondo kwa mkondo. Nina hakika utaona tofauti hiyo kabla chai haijapoa.

Kuna kasi nyingine unayoweza kuipata karibu bure. Mabawa mawili yaliyo sawa huenda kwa kasi tofauti yakibeba uzito tofauti, na kasi hubadilika kwa kipeuo cha pili cha uzito. Wewe una kilo 84 kwenye bawa la kilo 80 hadi 100, kwa hiyo uko karibu na mpaka wa chini. Rafiki mwenye kilo 98 kwenye bawa lilelile atakuwa na kasi iliyozidi yako kwa asilimia 8, yaani karibu kilomita 41 kwa saa mahali ambapo wewe unakwenda 38. Zaidi ya hayo, bawa lililobeba uzito mdogo lina mvutano mdogo na hukunjika kwa urahisi zaidi katika hewa ya saa saba mchana. Kilo 7 au 8 za maji kwenye mfuko wa balasti uliotengenezwa kwa kazi hiyo zitakuongezea kasi na uthabiti, ingawa kwa gharama mbili: utapanda polepole kidogo siku za hewa dhaifu, na utahitaji mbio zaidi wakati wa kuruka na kutua. Gharama hiyo si ndogo mahali palipo juu kama Iten. Kwenye mwinuko wa mita 2,400 hewa ni nyepesi kiasi kwamba kasi yako halisi juu ya ardhi, kukiwa hakuna upepo, inaizidi ile ya usawa wa bahari kwa zaidi ya asilimia 12, nayo nguvu ya kugonga ukijikwaa inaizidi kwa zaidi ya robo. Anza na kilo 4, katika asubuhi tulivu, na usiwe na mtu wa kushindana naye siku hiyo.

Umri wa bawa pia unanitia shaka. Kamba za nyuma hubeba mzigo mdogo na husinyaa kadiri miaka inavyopita, ilhali za mbele huvutika, na matokeo yake ni bawa lililoinua pua kidogo kuliko lilivyobuniwa. Bawa kama hilo huwa zito kuinuka wakati wa kuruka, hupungua kasi, na likizidi kuharibika linaweza kuacha kuruka kabisa na kushuka wima ukivuta breki kwa nguvu. Jua letu la ikweta nalo hulichosha kitambaa mapema. Hilo haliwezi kutambuliwa kwa barua wala kwa picha. Lipeleke kwa mkaguzi mwenye vifaa vya kupima urefu wa kamba na kiasi cha hewa kinachopenya kitambaa, na parachuti yako ya akiba ikunjwe upya wakati huohuo na mtu anayejua kazi hiyo. Ikiwa miaka hiyo minne imepita bila ukaguzi, ni mingi mno, na usiruke tena kwa bawa hilo kabla halijapimwa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye bawa la EN D. Herufi hizo hazipimi kasi. Zinapima jinsi bawa linavyojirudi lenyewe baada ya kukunjika, na ni kiasi gani cha kazi limemwachia rubani. Bawa la EN B likikunjika nusu, kwa kawaida litageuka kidogo na kufunguka hata kama umeduwaa. La EN D linaweza kugeuka kwa nguvu, kurusha pua mbele, na kukudai jibu sahihi kwa wakati sahihi. Rubani wa miaka mitatu anayeruka miezi miwili kwa mwaka hajapata saa za kutosha za kumwezesha kutoa jibu hilo. Ikiwa baada ya msimu mzima wa kupanda vizuri, ukiwa na uzito unaofaa, utaona kwamba bawa lako kweli ndilo linalokuzuia, zungumza na mwalimu anayekujua kuhusu bawa la juu zaidi ndani ya EN B. Hilo nalo liwe baada ya mafunzo ya dharura juu ya maji, ambamo mtu hujifunza kukunja na kufungua bawa akiwa na jaketi la kuelea na boti chini yake.

Kuhusu mwamba, wenzako wanasema kweli kwamba hewa huinuka pale. Ukingo wa Elgeyo unatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi huupasha joto mapema, na upepo wa kaskazini mashariki wa Desemba hadi Machi husukuma hewa ya bonde juu yake. Ndiyo maana Iten imekuwa mahali pa kuvutia marubani kutoka nchi za mbali. Asubuhi, hewa ikiwa laini, kuukaribia ukingo kiasi ni jambo la kawaida. Kuanzia saa tano hivi mikondo huanza kung'oka kwa nguvu, na kila hewa inayopanda kwa nguvu ina nyingine inayoshuka kwa nguvu ubavuni mwake. Rubani aliye mita 30 kutoka kwenye mwamba bawa lake likikunjika upande wa mwamba ana sekunde chache mno kabla ya kugeuzwa na kuelekezwa kwenye mawe. Kibaya zaidi ni kuchanganya mambo hayo mawili, yaani kuwa karibu na mwamba huku umekanyaga kanyagio la kasi. Kanyagio hupunguza pembe ambayo bawa hukutana nayo na hewa, na bawa lililo katika hali hiyo hukunjika ghafla na kwa ukali zaidi. Mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba chini ya mita 200 kutoka kitu chochote kigumu mguu hauna kazi kwenye kanyagio. Na kamwe usizunguke duara kamili kabla hujapanda juu ya ukingo na kuwa na nafasi tele. Hadi hapo ruka kwa umbo la nane iliyolala, ukigeuka daima kuelekea bondeni.

Sasa nije kwa mke wako, ambaye kwa maoni yangu ameliona jambo vizuri kuwazidi nyote watano, ingawa tiba si lazima iwe kuacha. Mashindano hayaongezi hatari kwa sababu ya kasi. Huongeza hatari kwa kumfanya mtu aahirishe uamuzi ambao angeufanya mapema kama angekuwa peke yake: kutua, kurudi nyuma, kutoruka kabisa. Kwa hiyo kanuni za mbio zenu ndizo zinazopaswa kurekebishwa, na ya kwanza kubadilishwa ni hii ya anayetua wa kwanza. Inawalipa watu kukimbia wakiwa karibu na ardhi, mahali ambapo hawapaswi kabisa kuharakisha. Katika mashindano makubwa saa mara nyingi husimamishwa kwenye mstari ulio kilomita kadhaa kabla ya uwanja wa kutua. Nanyi chagueni mduara kwenye GPS, kilomita 2 kabla ya uwanja, na atakayeuvuka akiwa chini ya kimo mlichokubaliana asihesabiwe. Baada ya hapo kila mtu atue kwa utulivu wake.

Kubalianeni pia kwamba anayetua mapema kwa sababu ya usalama hatanunua chakula. Ninalisema kwa uzito wote, kwa kuwa bei ya sahani moja ya nyama imewahi kuwashawishi watu wazima kufanya mambo ya ajabu. Njiani, wa kwanza kuingia kwenye mkondo ndiye anayeamua wengine wazunguke upande gani, na aliye juu humwachia nafasi anayepanda kutoka chini, kwa sababu huyu wa chini haoni kilicho juu ya bawa lake. Na kwa kuwa mnapokwenda kaskazini ukingo uko kushoto kwenu, anayerudi kusini, mwenye ukingo kuliani, ndiye mwenye haki ya njia mnapokutana. Wewe unayetoka ndiwe unayepaswa kumpisha kuelekea bondeni.

Mahali pa kutua panahitaji mazungumzo yake. Uwanda wa Kessup una mashamba na viwanja vya shule, lakini sakafu ya bonde ni migunga yenye miiba, na Hifadhi ya Rimoi iliyo upande wa magharibi wa mto Kerio ina ndovu. Unapotoka Nakuru kwa njia ya Marigat na Kabarnet, unalivuka bonde lote kabla ya kupanda Tambach. Simama mara mbili tatu, utazame viwanja kutoka chini, uone nyaya za umeme ambazo kutoka juu hazionekani. Kadiri mnavyokwenda kaskazini zaidi, kuelekea Tot, bonde limewahi kukumbwa na mashambulizi ya wezi wa mifugo, kwa hiyo sehemu ya kugeukia ichaguliwe baada ya kuwauliza wenyeji hali ilivyo wiki hiyo. Kuhusu anga, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Eldoret hauko mbali na Iten, nayo Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ndiyo yenye neno la mwisho juu ya mahali na kimo mnachoruhusiwa.

Kimo chenyewe nacho si cha kupuuzwa. Ukifika mita 4,000, kila pumzi inakupa oksijeni pungufu kwa zaidi ya theluthi kuliko pumzi ya Mombasa, na dalili ya kwanza mara nyingi ni furaha isiyo na sababu na maamuzi ya ovyo, wala si kukosa pumzi. Katika urubani oksijeni huanza kuzungumziwa kuanzia takriban mita 3,000. Ikiwa umewahi kutua ukiwa na kichwa kizito, vidole vya buluu au kumbukumbu yenye mapengo, muone daktari kabla ya kuruka tena. Kwako wewe usiyependa kuwa chini, hiyo ni sababu nyingine ya kuuacha mkondo kabla haujaisha.

Kwa Jumamosi ijayo, mradi bawa limekwisha kukaguliwa, nakushauri ujitoe kwenye mbio zenyewe lakini uruke pamoja na wenzako. Jiwekee kazi moja tu: kuuacha kila mkondo pindi wastani wake unaposhuka hadi nusu ya ule uliokuwa nao katikati, ilimradi bado una kimo cha kufika kwenye uwanja wa kutua unaoujua. Mwombe mwalimu wako, au rubani yeyote aliyekuzidi uzoefu anayepatikana pale Iten msimu huu, akutazame kutoka ardhini na baadaye apitie nawe faili la safari. Mke wako naye akija, mpe redio ya pili na umweleze kimo mlichokubaliana kwenye mduara wa mwisho, ili awe ndiye anayekagua kama kimetimizwa.